Saruji chini ya turubai: siku saba kutoka Dodoma hadi Katesh na kurudi

Jumatatu

Saa moja asubuhi tulishaanza kupakia. Mifuko 160 ya saruji, mabati, misumari na magodoro mawili ya mama mkubwa. Mjomba hakuruhusu mtu aguse mfuko kabla hatujapanga mbao kwenye bodi la Fuso na kutandika nailoni nzito juu yake. "Maji hayaingii kwa juu peke yake," alisema. "Mengine yanarushwa na matairi, yanapenyea chini." Baada ya hapo maturubai mawili, la ndani na la nje, kingo zikakunjwa kama mtu anavyofunga kitumbua kwenye gazeti, kamba zikakazwa mpaka zikalia. Saruji ikilowa inageuka jiwe, na jiwe hilo analilipa mwenye gari.

Mzigo ulikuwa wa watu watatu. Mifuko 30 ya kijiji kimoja cha Kondoa, 90 ya duka moja la Katesh, na 40 ya mama mkubwa, dada yake mjomba, ambaye ameolewa Katesh tangu mimi sijazaliwa. Nyumba yake haikuguswa na lile tope la 2023 lililoshuka kutoka mlima Hanang, ila iko karibu mno na korongo. Ameamua kujenga vyumba viwili upande wa pili, panapoinuka, na mjomba alisema saruji ya dada yake haiwezi kungoja kiangazi. Nami nikaomba kwenda, kwa sababu tangu msiba ule sikuwahi kufika kumpa pole ana kwa ana. Hilo lilikuwa linanikaa rohoni.

Redioni Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa angalizo la mvua kubwa. Januari kwetu ndiyo kati ya msimu. Dodoma tuna mvua moja tu, inaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kwa kawaida ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Mtu wa Pwani akisikia hivyo anadhani hatuna habari ya mafuriko. Ila kiasi hicho hakigawanywi sawasawa. Kinaweza kukaa wiki tatu hakionekani, kisha kikaja sehemu kubwa kwa jioni mbili.

Tulitoka saa nane mchana. Mayamaya, vilima vya Chenene, Haneti, Chemba. Makorongo yote tuliyopita juu ya madaraja yalikuwa mchanga mtupu, na kwenye moja wapo wanawake walikuwa wamefukua visima vya mchangani, wanachota kwa kata. Barabara ni lami tupu hadi Babati, kilomita 251 kutoka Dodoma, ilizinduliwa 2018. Mjomba anakumbuka ilipokuwa vumbi na tope. Anasema msimu kama huu ungeweza kulala njiani mara mbili kabla hujaiona Kondoa. Sisi tuliingia kabla ya magharibi, tukalala nyumbani kwa ukoo.

Jumanne

Usiku hapakudondoka hata tone. Asubuhi anga lilikuwa limetakata juu yetu, lakini nyuma ya vilima palikuwa peusi kama sufuria ya kuni.

Kijiji cha ile mifuko 30 kiko magharibi mwa mji, na kabla hujakifikia unavuka korongo linalomwaga maji yake mto Bubu. Hakuna daraja, unapita mchangani. Tulilikuta kavu, nyayo za mbuzi zimejaa, upana wake kama hatua arobaini. Mjomba alizima injini, akashuka, akasimama kimya. Chini ya mkuyu palikuwa na mzee mmoja ameegemeza baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msivuke."

"Mbona pakavu?"

Hakujibu. Alinyoosha kidevu kuelekea vilimani.

Hatukukaa robo saa. Kwanza ilikuja harufu, ile ya udongo uliolowa, nasi tumesimama kwenye vumbi na jua linatuchoma migongo. Kisha mlio, kama lori linalokuja juu ya kokoto. Mimi nilikuwa nangoja ukuta wa maji, kama watu wanavyosimulia. Haukuwa ukuta. Ulikuwa ulimi, wa rangi ya kakao, umebeba majani makavu, kinyesi cha mbuzi, mabua ya mahindi na kandambili moja ya mtoto. Mchanga ukaunywa. Ukaja ulimi wa pili ukaupita wa kwanza, mchanga ukaunywa nao, lakini nusu. Wa tatu haukunyweka. Baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu. Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni, na chini yake unasikia mawe yanagongana, ko, ko, ko, mawe ambayo huyaoni. Fuso yetu na tani zake nane ingekuwa katikati, sidhani kama ningekuwa naandika haya.

Mzee alichukua kijiti akakichomeka pale maji yalipoishia. "Kikibaki pakavu, nitakisogeza. Kikisogea mara tatu, mtavuka."

Tulikaa kwa muda wa saa nne. Utingo alilala chini ya gari. Mimi na mjomba tulikaa na mzee mkuyuni, naye akatueleza habari za HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973. Wengi wa umri wangu tumeusikia kwenye somo la jiografia tu. Yeye aliuishi. Vilima vya Kondoa vilikuwa vimechanika mpaka vinaonekana vyekundu kwa mbali, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe wa baba yake wakahamishwa pamoja na wengine. Alisema baba yake hakula chakula siku mbili. Lakini majani yalirudi, miti ikarudi, na korongo hili likabadilika tabia.

"Zamani lilishuka hata kwa mvua ya kitoto. Majani yaliposhika, likawa linachelewa, na likija lina maji, siyo tope. Siku hizi mifugo imerudi, na mashamba yamepanda mpaka mabegani mwa vilima. Ndiyo maana leo mmeliona hivi."

Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anaeleza kama fundi anavyoeleza mashine.

Kijiti kilisogea mara ya tatu saa kumi kasoro. Utingo akatangulia na mti mrefu, anachoma chini kila hatua kutafuta shimo, kwa sababu korongo likishuka linahamisha mchanga, njia ya asubuhi siyo ya jioni. Tulivuka maji yakiwa chini ya kitovu cha gurudumu. Mifuko 30 ilishuka mikavu. Mwenye mzigo alitupa kuku, mjomba akampa mzee wa mkuyuni.

Jumatano

Tuliondoka Kondoa baada ya chai. Kolo tulipita bila kusimama, ingawa kila nikiona kile kibao cha michoro ya mapangoni natamani nishuke. Michoro hiyo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na waliochora walikaa kwenye miamba hiyohiyo kujikinga na mvua hizihizi.

Barabara inapanda kuelekea Bereko. Hewa ikabadilika ghafla, baridi iliyokatika kutoka juu, kama mtu amefungua friji ya bucha. Majani ya migomba yakageuka tumbo juu. Mjomba akasema neno moja, "Mawe," akapeleka gari pembeni penye tambarare, mbali na miti.

Mvua ya mawe nimeiona Dodoma, punje kama mtama, dakika mbili imekwisha. Hii ya Bereko ilikuwa kitu kingine. Ilianza na tone moja moja zito kwenye kioo. Kisha mlio kwenye bati la kibini, tukashindwa kusikilizana, tukawa tunasemezana kwa mikono. Lami iligeuka nyeupe mbele ya macho yetu. Punje zilikuwa kama njegere, halafu kama karanga zenye maganda, na chache kubwa kuliko hapo. Zilidunda, zikajikusanya kwenye mfereji, zikawa kama chumvi iliyomwagika. Nchi yetu haijui theluji isipokuwa kule juu ya Kilimanjaro, na mara chache Meru, lakini kwa dakika kama kumi na tano mlima wa Bereko ulikuwa mweupe.

Ilipopungua nilishuka nikaokota moja kubwa, nikaigawa kwa kisu cha utingo. Ndani ina pete, kama kitunguu: tabaka linalopitisha mwanga, tabaka jeupe, tena linalopitisha mwanga. Pete hizo ni safari yake. Wingu la radi linapanda juu sana, kupita ule urefu ambapo maji huganda, na huku kwetu tropiki urefu huo unakaribia mita 5,000. Upepo unaopanda ndani ya wingu hulibeba tone, likaganda, likarushwa huku na huku likizidi kujipaka maji na kuganda tena, mpaka likawa zito kuliko nguvu ya upepo. Ndipo linaanguka. Likianguka bondeni lina safari ndefu kwenye hewa ya joto, mara nyingi linafika limeshayeyuka na kuwa mvua ya kawaida. Mtu wa mlimani analipokea bado ni jiwe.

Pembeni ya barabara palikuwa na shamba la mahindi yaliyofika kiunoni. Majani yalikuwa yamechanwa vipande virefu vyembamba, kama yamepitishwa kwenye kitana. Mama mmoja alitoka nyumbani akasimama katikati ya shamba lake na mtoto mgongoni. Tukampa pole. Akasema maharage ndiyo yamekwisha kabisa, mahindi huenda yakachipua kwa sababu moyo wa mmea haujaguswa. Alikuwa anapita mstari kwa mstari, anafunua majani kwa vidole viwili kuutazama huo moyo. Nilimwangalia mpaka mjomba aliponiita.

Turubai la nje lilitoboka sehemu tatu. La ndani salama. Babati tuliingia usiku, tumechoka.

Alhamisi

Mvua ya kutwa, ile ya taratibu isiyo na radi. Mjomba anaiogopa hii kuliko ya kishindo. "Ya kishindo inakuogopesha unasimama. Hii inakubembeleza uendelee." Anakumbuka mwisho wa 2009 na Januari 2010, maji ya mito Kinyasungwe na Mkondoa yalipokata reli ya kati upande wa Gulwe na Kilosa. Treni zilisimama kwa miezi, mizigo ikahamia kwenye malori, na yeye alikuwa dereva kijana.

Kutoka Babati kwenda Katesh unapaswa kuuona Hanang njia nzima. Ni mlima wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake katikati ya uwanda. Hatukuuona hata mguu. Palikuwa na ukungu, na kila baada ya muda korongo la maji mekundu chini ya kalavati.

Nilijua tumekaribia kwa mawe. Yapo makubwa kama matrekta, yamelala mahali ambapo jiwe halina sababu ya kuwepo. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji mpaka mjini Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwanzoni wengi walisema ni volkano, kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano iliyolala. Wataalamu waliotumwa na serikali wakaeleza kwamba haikuwa volkano: miamba laini ya mlimani ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia.

Mama mkubwa alitupokea mlangoni na khanga kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuwa mtu mzima, na hujaja."

Sikuwa na jibu. Nilimshika mikono yote miwili, nikampa pole iliyochelewa. Akanikalisha jikoni, akanisimulia, na sitaandika yote hapa kwa sababu mengine ni ya majirani zake. Alisema kilichomwamsha siyo mvua, maana mvua alishaizoea tangu usiku. Alisikia korongo linanyamaza. Maji yaliyokuwa yanavuma yakakatika, kama mtu amefunga bomba. Halafu ukaja mlio mwingine. Mumewe aliwatoa wote kwa kuwavuta mikono, wakapanda upande usio na korongo, gizani, peku.

Tangu hapo anasikiliza. Usiku wa mvua halali kitandani, analala kwenye kiti karibu na dirisha. Miaka yote hii. Nilikuwa sijui.

Ijumaa

Tulishusha mzigo asubuhi. Mifuko yote 90 ya duka ilitimia. Ya mama mkubwa, miwili ilikuwa imelowa pembeni chini ya tobo moja ambalo hatukuliona, mjomba akasema hiyo ni yake, atairudisha safari ijayo.

Saa tisa ukungu ulifunguka na Hanang ukajitokeza wote kwa mara moja. Kovu la 2023 linaonekana waziwazi, mstari wa rangi ya udongo unaoshuka kutoka kwenye kijani. Watu wa Katesh hawautazami mlima kama wageni. Wanautupia jicho la haraka, kama mtu anavyotazama saa, kisha wanaendelea na kazi.

Jioni alipiga kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama mkubwa. Anaendesha lori Marekani, jimbo la California, na anapita mara kwa mara milima ya Sierra Nevada. Alikuwa amesimamishwa chini ya Donner Pass, njia inayopanda zaidi ya mita 2,000, kwa sababu ya dhoruba. Alitugeuzia kamera: taa za malori kwenye foleni, na theluji inapita mbele ya taa hizo kwa mshazari bila kukoma. Alisema bondeni ni mvua, katikati ni mvua inayoganda ikigusa lami na kuacha barafu ambayo jicho halioni, juu ni theluji tupu. Hawaruhusiwi kupanda bila kufunga minyororo kwenye matairi.

Mjomba akachukua simu. "Minyororo ya namna gani? Kama ile yetu ya tope?"

"Ileile mjomba, ila hii inafungwa kwa sheria."

Wakazama kwenye habari za minyororo dakika nyingi, mtu wa Fuso na mtu wa lori la magurudumu kumi na nane, na mama mkubwa amekaa katikati yao anatabasamu.

Nilimwuliza kaka theluji yote hiyo itakwenda wapi. Akasema itakaa pale mlimani miezi, itayeyuka kidogo kidogo jua likipanda, na mashamba ya bondeni yananyweshwa na maji hayo mpaka kiangazi. Hatari, alisema, ni pale mvua ya joto inapoinyeshea theluji. Hapo vyote viwili hushuka pamoja.

Maneno hayo yalinikalia usiku kucha. Mlima wao una ghala. Dhoruba ikija, sehemu kubwa ya maji inabaki juu, inangoja. Hanang haina ghala la namna hiyo, kwa sababu kilele chake kiko chini sana ya pale maji yanapoganda kwetu. Kinachonyesha juu usiku, asubuhi kiko mlangoni. Kitu pekee kinachoweza kuyachelewesha maji yetu ni msitu, majani na udongo ulioshikwa na mizizi. Nikamkumbuka mzee wa mkuyuni, na baba yake aliyekataa chakula siku mbili.

Jumamosi

Katesh hadi Singida, jua na mawingu mepesi. Tulipakia vitunguu, magunia hamsini, yakalala kwenye mbao zilezile. Utingo aliziba matobo ya turubai kwa vipande vya mpira wa ndani na gundi. Tulilala Singida.

Jumapili

Manyoni, kisha mteremko wa Saranda, ambako nchi nzima inafunguka chini yako, tambarare mpaka macho yanachoka. Kintinku. Halafu Bahi.

Huku Bahi hapakuwa na mvua siku tatu, tulivyoambiwa, lakini maji yalikuwa yamejaa majaruba ya mpunga na kusogea karibu na vichaka vilivyokuwa vikavu wiki moja nyuma. Bubu inaishia hapa. Haifiki baharini, inamwaga kwenye mbuga ya Bahi, inatulia, na jua linaichukua. Mjomba alipunguza mwendo. Maji yalikuwa ya rangi ya kakao.

"Hayo ni ya Jumanne," alisema.

Vijana walikuwa wamesimama ndani yake mpaka mapajani, wanatupa nyavu.

Tulifika Dodoma saa kumi na moja, tukashusha vitunguu, tukaanika maturubai yote mawili uani. Saa mbili usiku mama mkubwa akapiga. Fundi amekuja, amepima msingi, kesho anaanza kuchimba. Mlima umefunga tena tangu mchana, mvua imeanza. Nikamwuliza leo analala wapi.

"Kwa jirani," akasema. "Ng'ambo ya korongo. Nimeshahamisha na godoro."